Nauli ya Mjumbe

Zahanati zetu za serikali hapa Kibiti zina kamati ambazo wajumbe wake ni wananchi wa kawaida. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na wajumbe hao ndio wanaozisimamia. Mshahara hawana. Nasi huwaambia, "Mungu atawalipa."

Paulo alikataa kulipwa Korintho, akashona mahema. Lakini aliamua mwenyewe, washarika hawakumwamulia. Mvuvi wa delta akiitwa kikaoni hulipa boti na kupoteza siku ya kuvua. Akishindwa, anabaki mwenye duka peke yake kuamua dawa za wote.

Wazee wetu wameanza kuchangia nauli. Bado tunabishana: ni sadaka, au ni deni?