Upekuzi Mpakani: Ni Amana au Ni Mali ya Afisa?



Katika mas-ala yaliyopita mbele ya darsa yetu ni hili la upekuzi wa wasafiri. Nalo si jambo la mbali na watu wa pwani. Lori lipakialo shehena katika bandari ya Mombasa kwenda Kampala hutokea Malaba au Busia, na miongoni mwa madereva na matingo wake wamo watoto wetu na jirani zetu. Huko huulizwa vitambulisho vyao, hufunguliwa mizigo yao, na pengine hupapaswa miili yao. Basi twauliza: haki hii ya kumpekua mwanadamu yatoka wapi, na mpaka wake ni upi? Na lipi lililo kubwa zaidi: afisa kumpekua mtu pasi na haki, au kuacha kumpekua kwa kuwa ametiwa kitu mkononi?

Kwanza na tuseme wazi kwamba hatuwi pamoja na wale wadaio kuwa kila upekuzi ni dhulma. Mwezi wa Juni 1976 ndege ya Ufaransa ilitekwa nyara na kupelekwa Entebbe, nchini Uganda. Watekaji walikuwa wameipanda Athens, silaha zao wakiwa nazo. Na tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, waliokuwa wamekaa wakitazama mpira. Roho hizi zilikuwa na haki ya kulindwa. Ndiyo maana mataifa, tangu mwaka 1974, yameuongeza Mkataba wa Chicago wa 1944 kwa kiambatisho chake cha 17, kiyapasacho mataifa kuhakikisha kuwa abiria na mizigo hukaguliwa. Mwenye kutaka ulinzi hana budi kustahamili taabu yake.

Lakini ulinzi una sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili wake, wala nyumba yake, wala mali yake. Na kifungu cha 24 chasema kuwa haki kama hiyo haipunguzwi ila kwa sheria, na kwa kiasi chenye sababu. Kadhalika sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yamruhusu afisa kumpekua mtu iwapo ana sababu ya maana ya kudhani kuwa amechukua bidhaa zisizolipiwa ushuru. Sheria hiyo hiyo yasema kuwa mwanamke hapekuliwi ila na mwanamke mwenziwe, na kwamba mwenye kutakiwa kupekuliwa aweza kudai apelekwe kwanza kwa hakimu au kwa afisa mkubwa, naye akiona hapana sababu atamwachilia. Ni wangapi katika sisi wayajuao haya?

Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Katika uwanja wa ndege wote hupita mlango mmoja wa mashine, tajiri na maskini, mwenye kilemba na mwenye kofia ya Kizungu. Hapana ashukiwaye, kwa kuwa wote hukaguliwa. Mpakani mambo si hivyo. Malori ni mengi, watembeao kwa miguu ni wengi, na afisa ndiye achaguaye nani asimamishwe na nani apite. Penye kuchagua ndipo nafsi huingia: jina hili silipendi, vazi hili lanitia shaka, huyu yuaonekana ana fedha. Kwa hiyo sharti la kuwa na sababu, ambalo katika uwanja wa ndege laonekana dogo, mpakani ndilo ngome ya pekee ya msafiri.

Wazee wetu waliijua ngome hiyo. Kabla ya kufunguliwa Makka, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma Sayyidna Ali na wenziwe wamfuate mwanamke mmoja msafiri aliyechukua barua ya kuwafichulia Makureshi siri za Waislamu. Walimkuta pale pale walipoambiwa. Alipokana walimtisha kuwa watampekua, naye akaitoa mwenyewe katika nywele zake, wakaichukua wakarudi. Tazama: palikuwa na khabari ya yakini, juu ya mtu maalumu, kwa kitu maalumu, na kilipopatikana, jambo likaisha. Upande wa pili husimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kuwa ikiwa yeye ana kosa moja, Khalifa ana matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlangoni, wala hakubisha hodi. Umar akamwacha. Nia njema ya mlinzi haikuuhalalisha ukuta alioupanda.

Na katika zama zetu serikali nazo zimewahi kupanda ukuta. Baada ya mabomu ya Kampala, Wakenya kadhaa Waislamu walikamatwa wakavushwa mpaka hadi Uganda pasi na kufikishwa kwanza mbele ya mahakama za kwao. Mwaka huo huo wa 2010 jaji wa Mahakama Kuu ya Nairobi alihukumu kuwa kumtoa mmoja wao nchini kwa namna ile kulikuwa kinyume cha sheria. Baadaye, mwaka 2016, wengine katika washitakiwa wa kesi ile walionekana na hatia na wengine hawakuonekana nayo. Hayo ndiyo yatuoneshayo faida ya mlango: mkosa na asiye mkosa hawajulikani mpaka wapitishwe katika njia ya sheria.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Mwenye kupekua pasi na haki, na mwenye kuacha kupekua kwa hongo, shina lao ni moja: wote wawili wamedhani kuwa uwezo ule ni mali yao. Mmoja autumia kwa matamanio yake, wa pili auuza. Ilhali ni amana waliyopewa na watu, ili watu walindwe. Ama tukitakiwa kupima uzito, sisi twaona kuwa hongo ndiyo nzito zaidi. Aliyepekuliwa kwa dhulma amjua aliyemdhulumu. Aweza kushitaki, na aweza kusamehe. Lakini abiria wa basi ambao usalama wao umeuzwa kwa noti iliyokunjwa ndani ya pasi, wao hawajui kuwa wameuzwa. Watamshitaki nani, na watamsamehe nani?

Na hongo haina muuzaji peke yake. Ina mnunuzi pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya hongo yawatia hatiani mtoaji na mpokeaji, na dini yetu iliwalaani wote wawili kabla yake. Tusijitetee kwa kusema kuwa njia ya haki ni ndefu. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi wa Februari 2018, kimewekwa ili msafiri asimame mara moja tu kwa nchi zote mbili. Na mchuuzi mdogo, bidhaa zake za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha ya Jumuiya zikiwa hazizidi dola 2,000, ana utaratibu mwepesi wa kuvuka bila ya ushuru wa forodha. Hata hivyo wako wapitao njia za panya kwa kutojua tu, wakalipa kwa hofu kile ambacho sheria haikuwadai.

Basi twawausia ndugu zetu mambo mawili. Mwenye kutakiwa kupekuliwa na aulize kwa adabu sababu yake, na mwanamke adai mwanamke mwenziwe. Huko si ukaidi, ni kuilinda sheria. Na aliye safi mzigo wake asinunue njia, kwani anunuapo njia huwafungulia wasio safi. Msafiri anyamazaye mbele ya dhulma na msafiri atoaye hongo wote wawili wamfunza afisa kuwa amana ile ni mali yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, na awape walinzi wao uadilifu. Amin.