Ili Wakusahau, Lazima Wakujue

Kufungua akaunti ni rahisi kuliko kupata matatu ya Kondele pale steji ya Mamboleo. Namba ya simu, jina lolote, umeingia. Sasa jaribu kuifuta. Ghafla wanataka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, na selfi juu. Yaani ili wakusahau, lazima kwanza wakujue kuliko walivyokujua ukiwa ndani.

Je, ni haki?

Tusiwaonee. Bila swali lolote, mpenzi mliyeachana vibaya anaweza kufuta picha zako za miaka sita. Mwaka 2019, James Pavur, mtafiti wa Oxford, aliandikia kampuni nyingi kwa jina la mchumba wake, kwa ruhusa yake, akiomba data za huyo mchumba. Baadhi zilimpa tu. Kwa hivyo kuuliza "wewe ni nani?" kunaweza kuwa ulinzi.

Lakini swali lina kipimo. Kama namba ya simu ilitosha nikiingia, itoshe nikitoka: nitumie zile tarakimu sita, niziandike, tuachane. Kitambulisho ambacho hujawahi kukiona, utakilinganisha na nini? Hakithibitishi kwamba akaunti ni yangu. Kinakuongezea tu data.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ichukuliwe data inayohitajika tu, na kifungu cha 40 kinakuruhusu kuomba iliyozidi ifutwe. Kudai mpya ndiyo ufute ya zamani ni kumimina maji ndani ya mtumbwi ukisema unayatoa.

Kumbuka Worldcoin. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi, wakapigwa picha za macho kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia. Hapo mzigo ulimwangukia aliyechukua, si aliyetoa. Na akawekewa mtu wa kumwangalia.

Sisi wengine hatuna wa kutuangalilia. Tunabonyeza "futa", tunapata ujumbe wa kwaheri, tunaamini. Mimi nimethibitisha kwamba mimi ni mimi. Wao nao wathibitishe kwamba wamefuta.