Fungua Njia Kabla Tuta Halijapasuka

Somo: Mithali 17:14; Mwanzo 26:17–31

Katika Mithali 17:14 Suleimani anafananisha mwanzo wa ugomvi na mtu anayetoboa mahali maji yamezuiliwa. Tundu ni dogo, lakini ukishalitoboa si wewe tena unayeamua maji yaende wapi. Kwa hiyo anatushauri tutoke kwenye mashindano mapema, tukiwa bado na uwezo wa kutoka.

Mtu wa mjini anaweza kuusoma mstari huo akapita. Sisi hatuwezi. Mto Kuja unashuka kutoka milima ya Kisii na Nyamira, unakutana na Mto Migori, halafu unaingia Ziwa Victoria kule Nyatike. Mvua ikinyesha Kisii, mtu wa Nyatike anaweza kushinda na jua kali mchana na usiku akaamka maji yako mlangoni. Mvua za 2024 Kuja ilivunja kingo, familia zikahama na magodoro kichwani. Upande wa Homa Bay, ndugu zetu wa Karachuonyo wanazijua vizuri Awach Kibuon na Awach Tende zikikasirika.

Ndiyo sababu watu wetu walijenga silanga yetu. Ni tuta la udongo tu, limeziba bonde dogo. Lakini hebu tuelewe kazi yake. Silanga ya mafuriko haikujengwa kuyanyima maji njia. Ilijengwa kuyachelewesha. Mvua kubwa ikishuka kwa saa moja, silanga inaipokea yote, halafu inayaachia maji polepole kwa bomba, kiasi ambacho kijito cha chini kinaweza kubeba. Kwa hiyo silanga kama hiyo lazima ikae na nafasi. Ikiwa imejaa mpaka mdomoni kabla ya mvua, haimwokoi mtu.

Yakobo 1:19 inatuambia tuwe wepesi wa kusikia na tusiharakishe kukasirika. Hiyo ndiyo kazi ya silanga. Neno la moto likija, linapokelewa, linatulia, linatoka likiwa kiasi cha kubebeka. Lakini kama umekaa na moyo uliojaa tangu Januari, neno dogo la jirani yako kisimani halitapata nafasi. Litamwagika lote siku hiyo, na watoto wako watakuwa wamesimama hapo wakisikiliza.

Sasa, tuta la udongo linakufaje? Njia ya kwanza ni maji kupita juu yake. Ukuta wa saruji unaweza kuvumilia, udongo hauwezi. Maji yanachimba mgongo wa tuta, mfereji mdogo unakuwa mkubwa, na kwa muda mfupi tuta lote limekwenda. Ndiyo maana fundi huacha njia ya maji ya ziada pale pembeni, chini kidogo ya kimo cha tuta. Maji yakizidi, yapite hapo kwa adabu.

Njia ya pili ni maji kupita ndani. Shimo la fuko, kichuguu cha mchwa, mzizi wa mti uliooza, au ufa wa kiangazi katika ule udongo wetu mweusi wa pamba. Fundi akiona maji yanavuja nyuma ya tuta, anaangalia rangi. Yakiwa safi, atafuatilia. Yakiwa na tope, hakuna kusubiri, kwa sababu tope hilo ni tuta lenyewe linatoka kidogo kidogo.

Mpendwa, angalia rangi ya maneno yako. Unasema, “Mimi sina shida na yule.” Lakini kila ukimtaja, maneno yanatoka na tope la mwaka juzi. Hiyo si amani. Kwa nje tuta linaonekana zima, lakini ndani linaliwa.

Na tusidhani udongo ni mchezo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, tuta la bwawa kule Solai, Nakuru, lilipasuka, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao watoto na akina mama. Maji yaliyozuiliwa yakifunguka usiku hayaulizi nani alikuwa na haki.

Wacha sasa niseme yale ambayo nyote mnayajua. Kiangazi hiki kuna magunia ya mchanga yamepangwa kwenye njia ya maji ya ziada pale silanga. Yaliwekwa ili maji yapande, ng'ombe wapate ya kunywa. Watu wa juu wanasema, “Malisho yetu ndiyo yalizama tuta likijengwa, sasa mifugo yetu inywe nini?” Watu wa chini wanasema, “Mvua ikija na magunia yako pale, maji yatapita juu ya tuta, na nyumba zetu ndizo za kwanza.” Nimezisikiliza pande zote mbili, na pande zote mbili zinasema kweli. Lakini hawasalimiani. Ndani ya kanisa hili kuna benchi za juu na benchi za chini. Mwezi uliopita tulishiriki Meza ya Bwana hivyo hivyo.

Mzee mmoja wetu aliniambia, “Nyathina, wakati wa kujenga tulikuwa watu wa nyumba moja. Wakati wa kutunza tumekuwa kaunti mbili.” Sikuwa na jibu. Nilisomea biashara, na jambo moja la darasani limenifuata mpaka madhabahuni: kila mali ina bei ya kuipata na bei ya kuitunza. Harambee ya kujenga hujaa watu, kuna hema na kuna mgeni rasmi. Siku ya kung'oa vichaka na kuziba mashimo ya fuko, hakuna mgeni rasmi. Hata upatanisho uko hivyo. Tunakumbatiana kwenye mkutano wa uamsho machozi yakitutoka, halafu hakuna anayerudi kuangalia kama pamevuja.

Tusome Mwanzo 26. Watumishi wa Isaka walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakadai maji ni yao. Isaka akakiita Eseki, yaani ugomvi. Kisima cha pili kikagombaniwa pia, akakiita Sitna, yaani uadui. Akaenda mbele, akachimba cha tatu, na hapo hakuna aliyeteta. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Mtu anaweza kusema Isaka alikuwa mwoga. Lakini angalia mwisho wake: Abimeleki mwenyewe alimfuata kutaka agano, wakala pamoja, wakaachana kwa amani.

Jameni, sisi hatuwezi kuhama kama Isaka. Mashamba yamegawanywa, na bonde ni moja. Rehobothi yetu itabidi tuichimbe papa hapa, na wale wale majirani. Na inawezekana kabisa, kwa sababu silanga yetu imejaa tope. Tope la miaka ndilo limekalia mahali pa maji. Tukilitoa, maji ya ng'ombe yataongezeka upande wa chini bila kuinua mdomo wa silanga hata shubiri moja. Watu wa juu watapata maji, na watu wa chini watalala usingizi. Hakuna anayeshindwa hapo, isipokuwa tope.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. La kwanza, Mathayo 5:23–24: kabla ya sadaka ya Jumapili, kila mmoja amwendee mtu wa benchi ile nyingine. Usitume mtoto, wala usitume ujumbe kwa simu. Enda kwa miguu, ukae, unywe chai. La pili, Jumamosi saa moja asubuhi tukutane silanga na majembe na makarai. Watu wa chini waje kuchimba tope ambalo maji yake watanufaika nayo watu wa juu. Watu wa juu waje kulainisha mgongo wa tuta linalowalinda watu wa chini. La tatu, magunia yatoke. Sitauliza nani aliyaweka, na ninaomba mtu yeyote asiulize. Tutayabeba pamoja.

Tumefunga na kuomba ili mvua ya masika ije kwa kiasi, na tutaendelea kuomba. Lakini tusimwombe Mungu alinde tuta ambalo sisi wenyewe tumeliziba njia.

Tuombe. Baba, tupe mioyo yenye nafasi. Tuonyeshe mahali tunapovuja kungali mapema. Tupe miguu ya kumwendea jirani kabla ya mvua. Katika jina la Yesu, Amina.