TOFALI LA UMBO LAKO
Somo: 1 Petro 2:5

Kule Blantyre, Malawi, kuna kanisa la matofali, St Michael and All Angels, lililojengwa 1888 hadi 1891. Mmishonari David Clement Scott, aliyekuja baadaye kuhudumu kwetu Kikuyu, hakusomea ujenzi. Wenyeji waliojenga naye pia hawakuwa mafundi. Lakini walichoma matofali ya maumbo 81: ya ukuta, ya nguzo, ya tao.

Sasa nakuuliza wewe unayesema, "Mimi sifai, sijui kuhubiri wala kuimba": tofali la tao ukilipanga kwenye ukuta ulionyooka, si litaonekana bovu? Kumbe si bovu, halijafika mahali pake! Petro anatuita mawe yaliyo hai. Usiombe kufanana na jirani. Ukijitoa, tao linabaki na pengo. Amina.