Mashine Inayouzwa kwa Hasara

Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, iliingia madukani Marekani tarehe 15 Novemba 2001 kwa dola 299, chini ya gharama ya kuiunda. Miaka 20 baadaye, katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple, ofisa wa Microsoft aliieleza mahakama huko California kwamba kampuni haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine zenyewe. Mwenye duka wa kawaida angeshafunga. Kitu cha namna hii ni bidhaa gani, na aliyekinunua amemiliki nini hasa?

Aristotle aliandika kwamba kiatu kina matumizi mawili: kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine. Xbox ina la tatu, nalo ni la muuzaji. Utajiri wa Microsoft ulitoka kwenye kompyuta za mezani. PlayStation 2 ya Sony ilipotoka mwaka 2000, ikicheza gemu na DVD chini ya televisheni, hofu ilikuwa kwamba sebule ingepata mtawala mwingine. Kwanza, basi, Xbox ilikuwa ua wa kuzuia jirani. Kisha ikawa lango la ushuru: kila gemu ya kampuni nyingine inayopita humo huacha fungu lake, na tangu 2017 kuna Game Pass, huduma ya kukodi gemu inayolipiwa kila mwezi. Mwaka 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69, na mwaka uliofuata baadhi ya gemu za Microsoft yenyewe zikapelekwa hata kwenye PlayStation. Lango lenyewe lilikuwa limeanza kupungua umuhimu.

Na mnunuzi je, amemiliki nini? Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, hutenganisha ain, yaani kitu chenyewe, na manfaa yake. Anayeuza huhamisha ain pamoja na manfaa. Anayekodisha hutoa manfaa kwa muda na kubaki na ain. Game Pass ni ijara, yaani ukodishaji, ya wazi, haina utata. Utata uko kwenye kile kinachoitwa ununuzi.

Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, ingelazimika kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24. Diski ingeweza kupewa rafiki mara moja tu, na rafiki huyo awe kwenye orodha ya mwenye gemu kwa siku 30. Sony ilijibu kwa video isiyofikia nusu dakika: mtu anamkabidhi mwenzake gemu, anashukuriwa, basi. (Ni nadra tangazo la biashara kueleza maana ya milki vizuri hivyo.) Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kumuuzia mtu kitu kwa sharti kwamba asikiuze wala asikitoe zawadi ni sharti batili, kwa kuwa linapingana na kusudi la mkataba. Microsoft iliyafuta masharti yake mwezi Juni mwaka huohuo.

Lakini Xbox Series S ya 2020 haina hata pa kuingizia diski; kinachonunuliwa humo ni leseni. Duka la Xbox 360 lilipofungwa tarehe 29 Julai 2024, waliokwisha kununua gemu waliruhusiwa kuendelea kuzipakua na kuzicheza. Waliruhusiwa: neno linalomfaa mpangaji kuliko mwenye nyumba.