Chombo cha Kale na Deni la Uhai

Swali la iwapo anayebadili viungo vya chombo cha kale anakihifadhi au anakiangamiza ni la kale katika falsafa, lakini lina uzito wa pekee katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Huko, kwa miaka mingi kabla ya lami, magari ya Land Rover 109, ambayo namba yake hutaja inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndiyo yaliyobeba abiria na mizigo kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, ambako uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari.

Gari hilo liliundwa likiwa na springi za vyuma bapa, yaani vipande virefu vilivyopinda, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli. Hizo husaidiwa na shokapu, ambazo ni silinda zenye mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo ili nguvu ya mrusho igeuke kuwa joto na gari litulie. Vyuma vikishikana kwa kutu na bushi, yaani mipira ya maungio, zikilegea, gurudumu huruka badala ya kukanyaga ardhi, na gurudumu lisilokanyaga ardhi haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Ndipo fundi hufunga springi za paraboli, ambazo vyuma vyake ni vichache na hupungua unene kuelekea ncha hivyo husuguana kidogo, pamoja na shokapu na bushi mpya.

Hapo swali la kale hurudi. Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha mbao zilizooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ilikuwa meli ileile. Na mwanafalsafa Thomas Hobbes, mwaka 1655, akauliza ingekuwaje kama mbao za zamani zingekusanywa na kuundwa meli ya pili. Hoja hiyo ni nzito kwa anayedhani kwamba utambulisho wa kitu umo katika mata yake, yaani vitu kilivyoundwa navyo, lakini Aristotle alifundisha kwamba kitu hakieleweki bila kutazama pia lengo lake, yaani kile ambacho kipo kwa ajili yake. Wamatengo wameishi ukweli huo mashambani: ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko kwa kufukia majani yaliyopangwa kimraba, hufanywa upya katika mzunguko wa mazao, na shamba hudumu kuwa shamba la ukoo kwa sababu tu linafanywa upya. Hata waundaji wa Land Rover hawakuziona springi bapa kuwa roho ya gari, kwa kuwa mwaka 1983 walitoa modeli ya 110 yenye springi za koili.

Hata hivyo, si kila badiliko ni uaminifu. Anayeongeza vyuma ili gari libebe kupita kiasi hulifanya ligumu na la kurukaruka linapokuwa tupu, na anayelinyanyua ili lipendeze huinua kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari huwiana, na hivyo hulisogeza karibu na kupinduka. Wote wawili wamelisaliti lengo la gari, ambalo ni kumfikisha mtu akiwa hai.

Mapokeo ya dini yaliyoota mizizi katika nchi hii, ya Wabenediktini wa Peramiho kwa upande wa milimani na ya Waanglikana wa Liuli kwa upande wa ziwani, hufundisha uwakili, yaani kwamba mwanadamu ni mtunzaji wa vitu alivyokabidhiwa na wala si mmiliki wa mwisho, na Uislamu hufundisha jambo hilo kwa jina la amana. Kwa kipimo hicho, wakili wa gari la kale anadaiwa kwanza uhai wa anayepanda, kisha heshima ya waliolitengeneza. Basi kila mwenye gari la namna hiyo na apime springi, shokapu, bushi, usukani na breki kwa pamoja kabla ya kupakia abiria, kwa kuwa chuma kilichotolewa hupata mbadala, na mtu aliyepotea hapati.