Kijiti ni Amana

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2012, katika uwanja wa Olimpiki wa Stratford, mashariki mwa London, David Rudisha alishika uongozi wa fainali ya mita 800 tangu mwanzo na hakuuachia. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akawa mtu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 1 na sekunde 41. Hapakuwa na mkimbiaji wa kumwekea kasi, na kocha hana nafasi ndani ya mistari. Kwa muda huo mfupi, kila alichofundishwa kilikuwa chake peke yake.

Dunia iliuliza nani alimfundisha, ikajibiwa: Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki kutoka Ayalandi, akaaye Iten. Lipo swali la pili, zito zaidi. Huyo naye alipokea kazi hiyo kwa nani, na kwa haki gani?

O'Connell alifika Iten, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mwaka 1976, kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St Patrick's. Riadha ilikuwa mikononi mwa Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, aliyepata shaba ya mita 10,000 huko Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, kazi ilimwangukia mwalimu wa jiografia, ambaye hakuwahi kuwa mwanariadha wala kusomea ukocha. Kwa kipimo cha vyeti, hakustahili.

Kiswahili hutenganisha urithi na amana. Urithi huwa mali ya mrithi. Aweza kuutumia, kuuuza, hata kuufuja. Amana hubaki mali ya mwenyewe, na aliyewekewa ana deni. Wako makocha wapokeao nafasi kama urithi: jina la timu, rekodi zake na vijana waliomo, kana kwamba vijana nao ni samani za nyumba. Lakini mwenye mali hapa ni kijana akimbiaye. Hata kocha aliyetangulia alikuwa amewekewa tu.

Mtu aliyeingia bila ujuzi alilazimika kuwatazama wakimbiaji wenyewe na kujifunza kwao. Ajuaye sana yumo hatarini kuacha kutazama.

Je, basi kutojua ni sifa? La hasha. Mwili wa kijana wa miaka 15 huharibiwa na asiyejua sawasawa na uharibiwavyo na mwenye tamaa, na amana iliyovunjwa kwa bahati mbaya imevunjika vilevile. Kinachomtetea mgeni ni kukiri upungufu wake na kufanya haraka kuuondoa. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mwenyeji asipopona, ujio ule ulikuwa mzigo.

Dalili ya uaminifu huonekana wakati wa kurudisha. Peter Rono alitoka St Patrick's akaenda Chuo cha Mount St. Mary's, Maryland, kwa kocha mwingine, na mwaka 1988 akatwaa dhahabu ya mita 1500 huko Seoul. Ushindi ule ni wa kocha yupi? Wauliza hivyo ni wagombea urithi. Uwanjani mwa St Patrick's hupandwa mti kwa kila bingwa, na kibao chake hubeba jina la mkimbiaji.

Babake Rudisha, Daniel, alipata fedha ya mita 400 kwa wanne kupokezana, Mexico, 1968. Katika mbio hizo kijiti hukabidhiwa ndani ya eneo lililopimwa. Akishikiliaye kupita mstari huiponza timu nzima, hata awe na kasi namna gani. Atakayekaa siku moja mahali pa O'Connell ataulizwa lile aliloulizwa mwalimu wa jiografia: vijana hawa ni wa nani?